Mayi ya machimbo na samaki ya Kisale

Samaki ya kukauka unayokula na bukari pale nyumbani inatoka wapi? Wengi watajibu: "Sokoni." Lakini mbele ya kufika sokoni ilipita Bukama ao Kikondja, na mbele ya pale iliishi katika mabwawa ya Upemba.

Angalia karte. Lualaba inapita karibu na Kolwezi. Mto Panda unapita Likasi na kuingia Lufira. Kisha Lufira inaingia Lualaba kwenye ziwa Kisale. Ni kusema, mayi ya Kolwezi na mayi ya Likasi inakutana fasi moja, katika bonde lenye maziwa karibu 50.

Wengine wanaona kule potopoto na mafunjo tu, fasi bila faida. Sivyo. Wakati wa mvua mto unafurika, na samaki wanaingia kati ya majani kuzaa. Watoto wa tilapia na kambale wanajificha mule na kupata chakula. Mafunjo inapunguza mbio ya mayi, uchafu unashuka chini. Mvua ikiisha, bonde linarudisha mayi pole pole.

Na kazi je? Hesabu wavuvi, wenye kuchonga mitumbwi, wamama wanaokausha samaki, vijana wanaoibeba kwa kinga. Minervali ya watoto wengi inatoka mule. Na si jambo la jana. Mwaka 1957 wataalamu walichimbua makaburi ya Sanga, kando ya Kisale. Walikuta vitu vya shaba vya watu walioishi kule zaidi ya miaka 1000 iliyopita.

Lakini leo hatari iko. Watu wanavua na musikitere, wanatosha hata samaki ndogo ambayo haijazaa. Swala wa mayi wa Upemba, waliopewa jina lao na wataalamu mwaka 2005, walikuwa maelfu zamani. Sasa wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Tena kuna mayi ya machimbo. Kobalti na risasi haziozi. Zinaingia katika potopoto, kisha katika samaki, kisha katika sahani. Watafiti wamekwisha kuzikuta katika samaki ya Lufira, upande wa chini wa Likasi. Mafunjo haiwezi kuchuja yote.

Mwaka 2017 bonde la Lufira liliandikwa kati ya mabwawa ya kuchungwa duniani, kufuatana na mapatano ya Ramsar. Ni vizuri, lakini karatasi peke yake haichungi mayi.

Basi tufanye nini? Baba unayefanya kazi ya machimbo, uliza mayi ya kuoshea madini inamwangwa wapi. Mama, usinunue samaki ndogo ya musikitere. Ninyi vijana wa kandokando ya ziwa, heshimuni miezi ya kufunga uvuvi.

Shimo la shaba siku moja litaisha. Siku ile watoto wetu watahitaji ziwa lenye samaki.