Miungu ya Kanaani katika Majina ya Waebrania

Mabamba ya udongo yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1929 huko Ras Shamra, pwani ya Syria, palipokuwa na mji wa kale wa Ugarit, yanamtaja El kuwa mkuu wa miungu na Baali kuwa mungu wa tufani na mvua. Jina la El halikuleta ugomvi, kwa kuwa Waebrania walilitumia kumwita Mungu wao, ndiyo maana limo katika Israeli, Samweli na Danieli. La Baali, lenye maana ya bwana, ndilo lililozua mzozo.

Mfalme Sauli, ambaye mwanawe Yonathani ana jina la kumshukuru Yahwe, Mungu wa Waebrania, aliyempa mtoto, alikuwa pia na mwana aliyeitwa Esh-baali, yaani mtu wa Baali, kama kitabu cha Mambo ya Nyakati kinavyomwandika, ilhali katika kitabu cha pili cha Samweli mtu huyohuyo ni Ish-boshethi, boshethi ikiwa ni aibu. Wataalamu wengi wanaona kwamba waandishi walioichukia ibada ya Baali ndio waliolibadili. Si haki, hata hivyo, kumhukumu Sauli haraka, kwani “bwana” ingeweza kuwa sifa ya Yahwe mwenyewe.

Vigae vya Samaria vya karne ya 8 K.K., ambavyo ni kumbukumbu za shehena za mvinyo na mafuta, vimechanganya majina ya Baali na ya Yahwe, na mtungi uliopatikana Khirbet Qeiyafa mwaka 2012 una jina la Eshbaali mwingine, mwana wa Beda.