Wayo wa Kuku Kabla ya Wembe

Usaha wa kuku hautiririki. Jipu la mtu huiva, likapasuka na kutoa uchafu wake. La kuku hujifungia ndani ya wayo kwa majuma, na anayelikamua huambulia damu. Tofauti hiyo inatokana na chembe nyeupe za damu. Zile zetu zinazokimbilia kidonda hubeba vimeng'enya vya kuyeyusha tishu zilizokufa, ndiyo maana usaha wetu ni majimaji. Chembe za kuku zenye kazi hiyo, ziitwazo heterofili, zimepungukiwa na baadhi ya vimeng'enya hivyo. Bakteria na nyama iliyokufa hugandamana kuwa donge la manjano, gumu kama kiini cha yai lililochemshwa, na mwili hulijengea ukuta badala ya kulitoa.

Ningependa kila mfugaji wa Luberizi, katika tambarare ya Ruzizi, alijue jambo hili kabla hajashika wembe. Huko, kuku wachache wa uani huwa akiba ya nyumba: ada ya shule, dawa ya mtoto, kitoweo cha mgeni. Kuku anapoanza kuchechemea, haraka ya kumwokoa inaeleweka. Lakini chini ya ngozi ya wayo pamepita kano za vidole na viungo vidogo vya mifupa, vyote vimesongamana. Kumchana bila ganzi ni kumtesa, na mkato ukienda kombo bakteria huingia mfupani, ambako tiba ya nyumbani haifiki.

Ugonjwa huu wa wayo huanza na jeraha dogo. Mpunga ukishavunwa, mashina makavu hubaki shambani yakiwa na ncha kali, na kuku huingia humo kuokota punje. Kuna miiba, kuna vipande vya chupa, kuna ardhi ya kiangazi iliyokauka ambayo kuku huirukia alfajiri akitoka juu alikolala. Jogoo mzito huumia zaidi kuliko tembe mwepesi. Masika nayo huleta matope yaliyochanganyika na kinyesi. Ngozi ya wayo hulowa, hulainika, hupasuka.

Anayepenya hapo mara nyingi ni Staphylococcus aureus, bakteria anayeishi pia puani mwa takriban mtu mmoja kati ya watatu bila kumdhuru. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na wenzao wa Edinburgh, Uskoti, walichapisha matokeo yaliyonishangaza: ukoo wa bakteria huyu uliokuwa ukiwaletea ugonjwa kuku wa mashamba makubwa katika nchi mbalimbali ulitoka kwa binadamu, kiasi cha miaka 40 tu kabla ya utafiti. Baada ya kuhamia kwa kuku ulipoteza baadhi ya jeni ulizozitumia kwetu, ukapata nyingine za kuwafaa ndege. Kwa hiyo kunawa kwa sabuni kabla ya kumshika kuku mwenye kidonda kunamlinda yeye, na kunawa baada ya kumshika kunakulinda wewe.

Mgeuze kuku utazame wayo. Uvimbe wenye joto na kigaga cheusi katikati ndiyo dalili ya jipu hili. Magamba ya mguu yaliyoinuka na kukwaruza ni kazi ya utitiri, na tiba yake ni nyingine. Kuku aliyepooza miguu na kupinda shingo huenda ana mdondo. Huyo mtenge na wenzake mara moja.

Uvimbe ukiwa bado mdogo, chemsha maji, yaache yapoe hadi kiwiko chako kiyavumilie, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila lita. Mfunge kuku kwa kitenge mabawa yakiwa yamebanwa, umsimamishe katika beseni la maji hayo dakika 15 hadi 20. Wengi hutulia kabisa. Joto huvuta damu kuelekea mguuni, na maji hulainisha kigaga. Kikiachia chenyewe, sawa, kisipoachia, usikibandue. Kausha vizuri, hata katikati ya vidole, kisha paka iodini ya vidonda au asali halisi. Asali inafaa kwa sababu sukari yake nyingi hunyonya maji ambayo bakteria wanayahitaji, na kimeng'enya kilichomo hutengeneza polepole dawa ya kuua vijidudu. Funika kwa kitambaa safi kilichofuliwa na kuanikwa juani, ufunge bila kukaza: vidole vikivimba au kupoa, umebana mno. Rudia kila siku. Donge hupungua taratibu, kwa majuma, na wafugaji wengi hukata tamaa katika juma la pili, wakati ngozi mpya ndiyo kwanza inaanza kujikusanya.

Vidonge navyo vina mpaka wake. Donge halina mishipa ya damu, hivyo antibiotiki aliyomezeshwa kuku haifiki katikati yake kwa nguvu ya kutosha. Unga wa kapsuli ya watu unaomwagiwa kidonda ni hatari zaidi, maana dozi nusunusu ndizo zinazowaacha hai bakteria sugu, na Staphylococcus wengi tayari wanaivunja penisilini.

Tiba hii yote haifai kitu ikiwa kuku anarudi kwenye sakafu ile ile. Hapa Luberizi ina bahati: mashine za kukoboa mpunga huacha maganda, na maganda makavu, yakitandazwa na kubadilishwa yanapolowa, ni tandiko zuri mno. Fito za kulalia zishushwe hadi usawa wa goti, ziwe laini na za mviringo. Chakula nacho kina sehemu yake. Kuku wa mihogo na pumba hukosa vitamini A, na ngozi yake huwa dhaifu. Mpe lengalenga, mahindi ya manjano, matone ya mawese.

Uvimbe ukipanda juu ya wayo kuelekea gotini, au kuku akiacha kula, mpeleke kwa veterineri. Akimpa antibiotiki, muulize ni siku ngapi mayai yasiliwe.