Unesi Marekani: foleni ya chuo cha umma au mkopo wa chuo cha biashara

Mkenya, Mtanzania au Mkongomani anapofika Marekani, iwe kwa bahati nasibu ya viza, kwa ukimbizi au kwa kumfuata mwenzi wake, kazi ya kwanza mara nyingi huwa ya kulea wazee. Mafunzo yake ni ya wiki chache na waajiri hawakosekani. Lakini ni kazi ya kuvunja mgongo: kumgeuza mgonjwa, kumwogesha, kumlisha, kisha kuunganisha zamu ya usiku na ya asubuhi. Humo humo kazini anamwona nesi mwenye leseni akisukuma kigari cha dawa, na tofauti ya malipo anaijua. Kwa takwimu za Wizara ya Kazi ya nchi hiyo za mwaka 2024, nusu ya wauguzi waliosajiliwa walilipwa zaidi ya dola 93,600 kwa mwaka. Uamuzi wa kurudi darasani haumchukui muda. Kinachomsumbua ni chuo gani.

Njia ya kwanza ni chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili kinachoendeshwa kwa kodi. Kwa mkazi wa eneo, ada ya wastani ni takriban dola 4,000 kwa mwaka. Anayemaliza uuguzi hapo hufanya mtihani wa leseni wa NCLEX, ule ule anaoufanya mwenye shahada ya miaka minne, na akifaulu anapata leseni ile ile. Njia ya pili ni chuo cha biashara, mali ya kampuni yenye wanahisa wanaosubiri gawio. Gharama yake hadi kumaliza hufika makumi ya maelfu ya dola, sehemu kubwa ikiwa mkopo.

Kwa hesabu hiyo mtu angesema hakuna cha kujadili. Kipo, nacho ni foleni. Kuingia darasa la uuguzi katika chuo cha jamii kunataka kwanza masomo ya awali: anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, pengine takwimu, halafu mtihani wa kujiunga kama TEAS. Ukiyamaliza yote kwa alama nzuri bado unaweza kuachwa, kwa sababu nafasi ni chache. Baadhi ya vyuo vya California hufikia kuchagua kwa bahati nasibu kati ya waombaji wenye sifa. Wanaotaka kusoma ni wengi, ila walimu wa uuguzi hawatoshi, maana nesi mwenye shahada ya juu hulipwa vizuri zaidi hospitalini kuliko darasani, na wodi za kufanyia mazoezi nazo zina kikomo. Tatizo haliko kwenye vyuo vya jamii peke yake. Mwaka 2023, katika programu za shahada ya kwanza na za juu, zaidi ya maombi 65,000 yaliyotimiza vigezo yalikataliwa.

Hapo ndipo chuo cha biashara kinapopata wateja. Kinamwambia mama wa watoto watatu anayefanya zamu mbili: darasa linaanza mwezi ujao, masomo ni jioni, karatasi zote tutakujazia sisi. Sitamlaumu mtu anayevutwa na maneno hayo. Yanagusa shida yake halisi, na mara nyingi chuo cha umma hakijamjibu hata barua pepe yake. Ninachotaka ajue ni kwamba anayempigia simu ni mtu wa mauzo. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyochunguza kampuni 30 za vyuo vya aina hii ilitoa ripoti mwaka 2012. Ilionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2009 kampuni hizo zilitumia asilimia 22.7 ya mapato kutangaza na kusaka wanafunzi, na asilimia 17.2 kufundisha. Wasaka wanafunzi walizidi 35,000, huku wa kuwasaidia wahitimu kupata kazi wakiwa kama 3,500.

Yaliyofuata wengi wanayakumbuka. Aprili 2015 kampuni ya Corinthian ilifunga vyuo vyake vya mwisho na kuwaacha wanafunzi wapatao 16,000. Septemba 2016 ikafuata ITT, iliyokuwa na wanafunzi kama 40,000, baadhi yao wakisomea uuguzi. Aliyekuwa katikati ya masomo alibaki na deni bila cheti, na mara nyingi alipokwenda chuo cha jamii akaambiwa masomo yake hayahamishiki. Serikali ilikuja kufuta madeni: mwaka 2022 ilitangaza kufuta dola bilioni 5.8 za waliokopa kusoma Corinthian, watu 560,000, na bilioni 3.9 za wale wa ITT, watu 208,000. Ni unafuu wa kweli. Lakini kwa wengi ulifika miaka mingi baada ya deni kuharibu uwezo wao wa kukopa nyumba au gari, na miaka waliyokaa darasani haikurudi.

Kwa haki, si kila chuo cha biashara ni mtego. Chamberlain, chenye wanafunzi wengi mno wa uuguzi, kina ithibati inayotambulika. Galen kiko chini ya HCA, kampuni kubwa ya hospitali. Wahitimu wa vyuo hivyo wako wodini na wanafanya kazi yao vizuri. Mwenye uwezo wa kulipa, au ambaye eneo lake halina chuo cha umma kinachofundisha jioni, anaweza kuchagua njia hiyo kwa akili timamu. Mradi awe amekikagua chuo mwenyewe, bila kutegemea maelezo ya muuzaji.

Kukagua hakuna gharama. Bodi ya wauguzi ya kila jimbo ina orodha ya vyuo ilivyoviidhinisha, na kwa kawaida hutangaza ni asilimia ngapi ya wahitimu wa kila chuo walifaulu NCLEX mara ya kwanza. Kitaifa, kwa waliosomea Marekani, kiwango hicho mwaka 2024 kilikuwa karibu asilimia 91. Chuo kilicho chini sana ya hapo kieleze kwa nini. Ithibati ya programu yenyewe ya uuguzi, kutoka mashirika kama ACEN au CCNE, ni jambo jingine tofauti na ithibati ya chuo, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama utapokelewa baadaye kusomea shahada.

Hata hivyo asilimia ya kufaulu inaweza kupambwa. Viko vyuo vinavyomzuia mwanafunzi kumaliza mpaka ashinde mtihani wa ndani wa mwisho. Anayeshindwa hafiki kwenye NCLEX, basi hahesabiwi, ingawa ada ameshalipa yote. Kwa hiyo swali zito kuliko yote ni hili: kati ya walioanza pamoja, wangapi walimaliza? Chuo kinachokwepa kulijibu, ondoka.

Na anayekwambia unaweza kupata cheti bila kuingia wodini, mkimbie. Januari 2023 waendesha mashtaka wa serikali kuu kule Florida waliwashtaki watu 25 kwa mtandao uliohusisha vyuo vitatu na vyeti bandia zaidi ya 7,600. Bodi za majimbo mbalimbali zilianza kufuta leseni za walionunua.

Sasa nirudi kwenye ile foleni, kwa sababu naamini inaogopwa kuliko inavyostahili. Masomo ya awali yanahitajika kwa vyovyote, na unaweza kuyachukua mojamoja huku ukifanya kazi. Mwenye kadi ya kijani, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaweza kujaza FAFSA, fomu ya serikali ya msaada wa masomo, na kuomba ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi. Kiwango cha juu, dola 7,395 kwa mwaka, kinazidi ada ya wastani ya chuo cha jamii. Mwenye viza ya mwanafunzi haipati, na ada yake huwa kubwa zaidi, hivyo apige hesabu yake kivyake. Massachusetts, ambako mji wa Lowell una Wakenya wengi, ilifuta ada ya vyuo vya jamii mwaka 2024 kwa wakazi wasio na shahada. Minnesota nayo ina muungano wa MANE: unasoma chuo cha jamii, kwa mfano North Hennepin kule Brooklyn Park, na kumaliza na shahada ya Metropolitan State. Hilo linaondoa hofu kwamba cheti cha miaka miwili kitakukwamisha. New York inawataka wauguzi wapya kupata shahada ndani ya miaka 10 tangu wapewe leseni, na hospitali nyingi zinapendelea wenye shahada, lakini mtu anaweza kuisoma akiwa tayari analipwa mshahara wa nesi.

Ndugu walio nyumbani nao wanahusika. Simu za kila wiki za kuuliza "unamaliza lini?" zinawasukuma watu kwenye mlango ulio wazi, kwa sababu kusema "niko kwenye orodha ya kusubiri" kunasikika kama uvivu. Dada anayesoma fiziolojia muhula mmoja na mikrobiolojia unaofuata, huku akilea wazee usiku na kutuma ada za wadogo zake, yuko njiani. Akiomba apunguziwe mchango wa harusi kwa mwaka mmoja ili apunguze zamu, akubaliwe.

Yuko pia ambaye hapaswi kukimbilia njia yoyote kati ya hizo mbili: aliyesomea uuguzi chuo cha KMTC Kenya, Muhimbili Tanzania au Bukavu Kongo na sasa anabadilisha nepi za wazee Texas. Huyo asikubali kuanzishwa upya darasani kabla vyeti vyake havijatathminiwa na shirika lililojulikana kwa miaka mingi kama CGFNS, ambalo sasa linaitwa TruMerit. Bodi ya jimbo lake itamwambia kama aende moja kwa moja kwenye NCLEX au kuna masomo machache ya kujazia, na masomo hayo machache chuo cha jamii kinaweza kuwa nayo.