Nani Aipe Maksi Kliniki ya Meno?

Mwanafunzi amemaliza kuchonga jino lililooza. Haruhusiwi kuliziba mpaka mwalimu aje, atazame kama sehemu yote mbovu imetoka, atie sahihi. Mwalimu yuko kiti cha tatu, anamwelekeza mwingine. Mgonjwa kaachama, ganzi inaanza kumwisha. Kusubiri huku hakuonekani kwenye matokeo ya mtihani, ingawa kunakula muda ambao mwanafunzi angeutumia kujifunza.

Mwanafunzi wa udaktari wa kawaida huzungukia wodi na madaktari. Hutazama, huuliza, husaidia. Wa meno hushika mashine mwenyewe kabla hajahitimu, na jino likishachongwa halirudi lilivyokuwa. Kwa hiyo ubora wa kliniki ya kufundishia unamhusu mgonjwa pia.

Ajabu ni kwamba, katika kuupima ubora huo, vyuo vya meno viliazima kipimo cha wenzao wa udaktari wa kawaida. Dodoso la DREEM, ambalo wanafunzi hulijaza kuhusu mazingira yao ya kujifunza, lilitungwa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, likachapishwa mwaka 1997, na lina kauli 50. Kila moja hupewa alama 0 hadi 4, kwa hiyo ukomo ni 200. Kauli 9 kati ya hizo husema mabaya, kwa mfano kwamba walimu hukasirika wanapofundisha, na alama zake hugeuzwa wakati wa kuhesabu. Anayeweka tiki safu moja kutoka juu hadi chini bila kusoma hujiumbua mwenyewe.

Shida ni ile jumla. Tuseme kauli 40 zimepata alama 3 kila moja, na 10 zimeambulia sifuri. Jumla ni 120, na kwa mwongozo wa DREEM chuo chenye alama 101 hadi 150 kina mazuri mengi kuliko kasoro. Mkuu wa chuo atafurahi. Lakini kama zile sifuri zote zinahusu walimu na namna wanavyosahihisha, chuo kina ugonjwa uliojificha ndani ya wastani. Mimi ningeanza kusoma kauli moja moja, jumla ningeiacha mwisho.

Mwaka 2014 Anastassia Kossioni wa Chuo Kikuu cha Athens, Ugiriki, na wenzake walichapisha DECLEI, dodoso fupi la kauli 24 lililotengenezwa mahsusi kwa kliniki za meno. Linauliza kuhusu nafasi za kujifunza kwa vitendo, mahusiano ya walimu na wanafunzi, na kama mwanafunzi bado anaipenda fani yake.

Dodoso lenyewe nalo lazima lipimwe. Watafiti hukokotoa alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama majibu yanakwenda pamoja. Wengi hutaka ifike walau 0.7. Tahadhari: ukiuliza jambo lile lile kwa namna tano tofauti, alfa itapanda bila wewe kujua lolote jipya. Wengine pia huwarudia wanafunzi wale wale baada ya wiki chache, waone kama majibu yamebaki palepale.

Hata hivyo, hayo yote ni maoni. Kando yake ningeweka saa ukutani na daftari la kuandika kila mwanafunzi kasubiri dakika ngapi, na kahudumia wagonjwa wangapi. Na dodoso lijazwe bila jina, wala asilikusanye mwalimu yule yule anayewapa maksi.