Kuona Si kwa Macho Tu

Mei 2012, kabla Sudan Kusini haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru, waigizaji wa South Sudan Theatre Company walipanda jukwaa la Globe mjini London wakaigiza Cymbeline ya Shakespeare kwa Arabi Juba. Mfasiri alikuwa Joseph Abuk. Lugha aliyoitumia ndiyo inayosikika katika soko la Konyo Konyo mjini Juba, kwenye vijiwe vya bodaboda na kati ya majirani ambao kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani.

Kisa chenyewe kinahusu ushahidi wa macho. Iachimo anajificha ndani ya sanduku linalowekwa chumbani kwa Imogen. Usiku anatoka, anaorodhesha vitu vilivyomo, anamvua mwanamke aliyelala bangili, na kuona alama kifuani pake. Kisha anakwenda kumsimulia mume. Mume hakuwepo wala hakuona lolote, lakini kwake kauli ya mtu kwamba ameona, pamoja na bangili hiyo, inatosha kuhesabiwa kuwa mtu huyo anajua, na ndoa nusura ivunjike.

Lugha za Ulaya zimeyaunganisha mambo hayo mawili, kuona na kujua, kwa muda mrefu. Kitenzi cha Kiingereza “see” hutumika kwa mtu anayetazama mlima, anayeelewa hesabu, anayekwenda kwa daktari, aliye na mpenzi, na hata anayemsindikiza mgeni uwanja wa ndege. Katika Kigiriki cha kale, “oida”, yaani najua, kwa umbo lake ni “nimekwisha ona”. Mzizi huohuo ndio uliozaa Veda, jina la maandiko matakatifu ya Wahindu, lenye maana ya maarifa. Mwaka 1990 mwanaisimu Eve Sweetser alieleza kwamba njia hii ya kutoka machoni hadi akilini ina sababu: macho huleta habari za mbali, mtu anaweza kuyaelekeza atakako, na watu wawili waliosimama pamoja wanaweza kukubaliana kuhusu walichokiona.

Maelezo hayo yalivutia wengi, hadi Australia ilipoyatia doa. Nicholas Evans na David Wilkins walipochunguza lugha za wenyeji wa huko na kuchapisha matokeo mwaka 2000, walikuta kwamba kitenzi kinachogeuka kuwa kujua, kufikiri na kukumbuka ni cha kusikia. Kuona kulielekea kwingine, kwenye mambo kama tamaa na uchokozi. Sikio lilikuwa mlango wa akili.

Hata hivyo macho hayajapoteza nafasi yake. Mwaka 1984 Åke Viberg alilinganisha lugha 53 akaonyesha kwamba kitenzi cha mlango mmoja wa fahamu kikibeba kazi ya mwingine, kwa kawaida hushuka: kuona hubeba kazi ya kusikia, kusikia hubeba kazi ya kunusa, na si kinyume chake. Mwaka 2015 Lila San Roque na wenzake walisikiliza mazungumzo ya kawaida katika lugha 13, Kisiwu cha Ghana kikiwamo, na katika zote vitenzi vya kuona ndivyo vilivyotajwa zaidi.

Kiswahili kinathibitisha pande zote mbili. Mswahili huona njaa, huona baridi, huona haya, wala hakuna jicho linalohusika. Harufu, kwa upande wake, huisikia. Mashariki ya Kongo ukiulizwa “unasikia Kiswahili?”, swali ni kama unakielewa. Na hicho kitenzi kuona kinavyonyumbulika! Kuonana ni kukutana, kuonyesha ni kufundisha, kuonekana ni kujitokeza, na kumwonea mtu ni kumdhulumu, ila ukiongeza neno huruma dhuluma hugeuka upole.

Arabi Juba haina vinyambuo vya namna hiyo. Ilizaliwa karne ya 19 katika kambi za wafanyabiashara na askari, ambako watu wa makabila mengi walilazimika kuelewana haraka, wakaacha sehemu kubwa ya sarufi ya Kiarabu njiani. Kitenzi chao cha kuona, “ainu”, kinatokana na Kiarabu cha Sudan, na ndani yake mna neno la Kiarabu la jicho, “ayn”. Kutendwa huonyeshwa kwa mkazo peke yake: “katulu” likikaziwa mwanzoni ni kuua, likikaziwa mwishoni ni kuuawa. Kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa kiambishi, wao huimaliza kwa sauti. Askari waliohamia Uganda na Kenya mwishoni mwa karne hiyo walikwenda na lugha hiyo, na wajukuu wao huko Bombo na Kibera huzungumza dada yake, Kinubi.

Mtoto wa Kidinka mjini Juba basi ana “tïŋ” nyumbani na “ainu” sokoni kabla ya kukutana na “see” shuleni, kwa kuwa Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya nchi tangu 2011. Kumwambia kwamba neno hilo jipya ni kazi ya macho ni kumpa sehemu ndogo tu ya neno.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwa mtoto asiyeona. Barbara Landau na Lila Gleitman, katika kitabu chao cha 1985, walieleza habari za msichana mdogo kipofu. Akiambiwa atazame juu, alinyoosha mikono juu bila kuinua uso. Akiambiwa aguse kitu bila kukitazama, alikigonga kidogo tu. Akiruhusiwa kukitazama, alikipapasa kila upande. Lakini akiombwa amwonyeshe mama kitu, alikiinua ili macho ya mama yakifikie. Alijua kutazama kwake na kuona kwa mama ni vitu viwili, na kwa maoni ya waandishi hao, kusikia watu wakizungumza kulimsaidia kulipata hilo.

Sudan Kusini bado inapambana na usubi na trakoma, magonjwa yanayopofusha, na darasani Juba anaweza kuwamo mwanafunzi asiyeona. Kitenzi “see” kikifika ubaoni, mwalimu hana sababu ya kuiruka zamu ya mwanafunzi huyo.