Twendeni Tukauone Moto Ulio Chini ya Bonde la Ufa

Kila mwanafunzi humu nchini hufundishwa jinsi Bonde la Ufa lilivyotokea. Lakini ni wangapi waliouona mvuke ukifuka kutoka ardhini? Ikiwa una motokaa na siku mbili za mapumziko, wachukue watoto mwende mkajionee.

Tokeni Nairobi alfajiri kupitia Mai Mahiu. Mteremkoni tumia gia ndogo, maana breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea. Bondeni mtauona Mlima Longonot upande wa kushoto, volkeno yenye kimo cha mita 2,776.

Karibu na Naivasha iko mbuga ya Hell's Gate, iliyotengwa mwaka 1984. Humo mnaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli huku twiga na punda milia wakila majani kando yenu. Lipieni mapema kupitia eCitizen. Watazameni Fischer's Tower, mwamba uliosimama peke yake kama nguzo. Hiyo ni lava iliyogandia katika koo la volkeno ya kale. Vilivyoizunguka vilimomonyoka, nayo ikabaki. Mbele kidogo ni Olkaria, ambako tangu 1981 mvuke wa ardhini umekuwa ukizungusha mitambo na kutoa umeme.

Hapa nawasihi wazazi. Lile korongo lenye kuta zinazotiririka maji moto huvutia sana, lakini mvua ikinyesha mbali, maji huja ghafla hata kama kwenu jua linawaka. Mafuriko ya namna hiyo yaliua watu mwaka 2012, na tena 2019, walipokufa watu 7. Waulizeni askari wa mbuga kama kunaingilika. Wakisema hapana, msibishane nao.

Laleni Nakuru. Asubuhi shikeni njia ya Mogotio, mvuke mstari wa Ikweta, kisha mwingie Ziwa Bogoria kwa lango la Loboi. Maji ya mvua huzama chini, hukutana na miamba yenye joto kali, kisha husukumwa juu yakichemka. Wageni wengi wamechemsha mayai humo. Kufikia 2020 ziwa lilikuwa limefurika, likameza sehemu ya barabara na baadhi ya chemchemi. Kwa hivyo ulizeni langoni njia ipi inapitika.

Washikeni watoto mkono. Udongo wa kando ya chemchemi huonekana mgumu, kumbe ni ganda jembamba juu ya maji yanayounguza. Mtu akitumbukia mguu, safari imeharibika.

Bebeni maji ya kunywa, kofia na gurudumu la akiba. Anzeni kurudi mapema, msije mkaingiliwa na giza katikati ya malori ya barabara ya Nakuru. Na mwalimu wa jiografia akiuliza juu ya volkeno, mwanao hatahitaji kufungua kitabu.