Miji ya Kanda ya Ziwa na Mzigo wa Mkulima

Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1969, uliitaja Mwanza kuwa mmojawapo wa miji tisa iliyopaswa kukuzwa ili viwanda na huduma visirundikane Dar es Salaam. Nia hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo, kukua kwa mji mmoja si sawa na kukua kwa kanda nzima. Mji mkuu wa kanda waweza kuinyonya miji midogo iliyo jirani kama vile Dar es Salaam ilivyoinyonya mikoa.

Ndiyo maana wapangaji wa maendeleo husema juu ya kundi la miji. Maana yake ni miji kadhaa iliyo karibu, iliyounganishwa kwa barabara, reli na vyombo vya majini, na kila mmoja kupewa kazi unayoiweza. Mwanza ina reli tangu 1928, ina bandari, na ina hospitali kubwa ya Bugando. Hakuna haja ya kuvijenga hivyo vyote Sengerema, Magu au Nansio. Lakini pia hakuna sababu ya kila gunia kwenda Mwanza.

Pamba ni mfano ulio wazi. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi huwa yapata kilo 35 hadi 40. Zinazosalia karibu zote ni mbegu. Pamba ikisafirishwa mbali kabla ya kuchambuliwa, zaidi ya nusu ya nauli hulipiwa mbegu. Zaidi ya hayo, mbegu hiyo hutoa mafuta ya kupikia na mashudu ya kulishia ng'ombe, na mkulima huyanunua tena kutoka mjini, akilipa nauli ya kurudi! Kiwanda cha kuchambua pamba kikiwa katika mji mdogo ulio karibu, marobota ya nyuzi peke yake ndiyo huendelea na safari hadi kwenye reli.

Wakulima wa Jimbo la Ziwa waliutambua utaratibu huu mapema. Walianza na mizani yao wenyewe vijijini, kwa kuchoshwa na vipimo vya wachuuzi. Kisha mwaka 1955 wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kumiliki viwanda vya kuchambua pamba.

Tangu Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, limeondoa adha ya kusubiri kivuko katika Ghuba ya Mwanza. Sengerema na Geita sasa zimekaribia jiji. Lakini njia hupitisha mizigo pande zote mbili. Lori lililokuwa likikwama Busisi sasa laweza kubeba pamba ghafi, dengu na mifugo moja kwa moja hadi Mwanza, na kuziacha karakana na ghala za upande wa magharibi zikiwa tupu. Daraja peke yake haliamui. Huamua wenye mizigo.

Katibu wa chama cha msingi anao ushahidi wa kupeleka kwenye vikao vya halmashauri na vya chama kikuu: daftari la mizani, stakabadhi za nauli, na hesabu ya mashudu yaliyonunuliwa na wanachama katika msimu mzima. Hesabu hizo zikikusanywa kutoka vyama kumi vinavyopakana, huonyesha ni mji upi unaostahili kiwanda, na upi ghala tu.